Boksi Katikati ya Barabara, na Afande Aliyekataa Kupita

Jamani, nimefundisha udereva miaka tisa. Nimegongeshwa ukuta, nimetapikiwa kwenye kiti, nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyefumba macho kila akipishana na lori.

Lakini kutolewa ndani ya gari langu mwenyewe, nikalazwa kifudifudi pembeni ya mtaro kwa sababu ya mfuko wa plastiki? Hilo limenipata mara moja tu.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, jua zuri. Kwenye usukani alikuwa mwanafunzi mpya, mwanaume wa miaka hamsini na ushee, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Mimi nipo kiti cha pembeni, mguu juu ya breki yangu ya pili. Nyuma kakaa dada mmoja aliyekuwa anajifunza gari haraka haraka kabla ya harusi yake, anasubiri zamu.

Yule mzee alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi. Sitanii. Gia anabadilisha wala husikii, kona anazikata kwa adabu. Nikawa najiuliza huyu kaja kujifunza nini.

Mara akasimama. Taratibu, bila kutushtua. Akavuta breki ya mkono, akazima injini.

"Wote nje. Laleni chini nyuma ya gari. Msinyanyue vichwa."

Sijui niwaelezeje ile sauti. Hakufoka. Ilikuwa sauti ambayo ukiisikia miguu inatii kwanza, akili inafuata baadaye. Bibi harusi wetu alikuwa ameshalala chini kabla mimi sijafungua mkanda, na mkanda wa gari letu huwa unakwama.

Nikalala. Na blauzi yangu mpya.

Nikainua kichwa kidogo. Mzee alikuwa anatembea peke yake kuelekea mfuko mweusi uliokuwa katikati ya barabara, umejaa upepo. Akachuchumaa, akauangalia huku na huku, akauinua kwa kijiti. Haukuwa na kitu. Akaukunja vizuri, akauweka mfukoni, akarudi.

"Samahani, Mwalimu. Ni mfuko tu."

"Mimi niliona ni mfuko tangu mwanzo," nikamjibu, najipangusa vumbi.

Mdomo wangu ndio kitu pekee kwenye lile gari ambacho hakijawahi kuwa na breki.

Alinifungulia mlango, akamfungulia na bibi harusi, akaingia mwisho. Nikaona anafuta viganja kwenye suruali kabla ya kushika usukani, nikajuta kidogo. Kidogo tu, kwa sababu blauzi ilikuwa imechafuka kweli.

Ofisini ndipo nikapata habari kamili kutoka kwa bosi wangu. Huyu mzee kwao wanamwita Afande. Kaendesha malori ya jeshi miaka kumi na minane, katoka na goti lisilokunjika vizuri na sikio la kushoto ambalo halisikii. Leseni yake ya jeshi uraiani haitambuliki, kwa hiyo ilibidi aanze upya na vijana wa juzi, kuchora alama za barabarani kwenye daftari.

Alikuwa anataka kazi moja tu. Shule fulani ya watoto wadogo ilikuwa inatafuta dereva wa basi, na mwalimu mkuu alimpenda. Alimwambia, nakushikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, njoo na leseni.

Tatizo ni kwamba mtihani unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu. Ukifeli ya tatu, unakaa mwaka mzima ndipo ujaribu tena. Na yeye alikuwa ameshafeli mara mbili akiwa shule nyingine ya udereva, ambayo ilimrudishia karatasi zake kwa heshima zote na kumfungia mlango.

Mara zote mbili alisimama katikati ya barabara kwa sababu ya takataka.

Mara ya kwanza alimlaza chini mtahini.

Na mtahini mwenyewe ni yule tunayemwita Kalamu Nyekundu. Walimu wote wa udereva mjini wanamjua. Hacheki, hasalimii mara mbili, shati jeupe kila siku, na ile kalamu yake ikigusa karatasi wewe umekwisha. Basi mtu huyo alilala kifudifudi mtaa wa soko, saa tatu asubuhi, kwa amri ya Afande, kwa ajili ya gunia tupu. Soko zima lilisimama kutazama. Wapo waliodhani anatafuta sarafu iliyomponyoka.

"Huyu atatuharibia jina," bosi akaniambia, ananipa fomu ya Afande. "Mpelekee nyumbani. Mwambie kwa upole."

Alinichagua mimi kwa upole. Fikiria.

Mchana ule nikaenda. Nyumba ndogo, mlangoni viatu vimepangwa mstari mmoja, ncha zote zinatazama nje. Mkewe ni fundi cherehani, mama mcheshi mwenye tepu shingoni. Alinitazama, akaitazama fomu mkononi mwangu.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kumfukuza au kumfundisha? Niambie mapema nijue kama niweke chai."

Nikajikuta nasema, "Weka chai, mama."

Afande akaja kukaa mbele yangu, upande ambao sikio lake linasikia. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole na kuondoka. Badala yake nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla ya kulalamikia blauzi.

"Afande, ukiona mfuko barabarani, unaona nini?"

Akakiweka kikombe chini.

"Tulikuwa msafara wa malori sita," akasema. "La kwanza aliendesha rafiki yangu, mimi nikawa la pili. Tuliingia kamji fulani asubuhi. Soko kimya, hata kuku hayupo. Mbele kulikuwa na boksi la sabuni, katikati ya barabara. Boksi la kawaida. Rafiki yangu akalikanyaga."

Hakumalizia. Cherehani ya mkewe ilikuwa inaendelea, ila polepole.

"Na mimi niliona kitu hakipo sawa kabla hatujalifikia," akasema. "Nilikuwa na redio ya mawasiliano mkononi. Nikanyamaza. Niliogopa watanicheka."

Mimi pale nilisikia boksi. Maneno mengine yalipita tu sikioni, na mtaona yalivyokuja kunigharimu.

"Sasa kwa nini basi la shule?" nikamuuliza. "Si utafute kazi ya kukaa, upumzike?"

"Mwalimu, miaka kumi na minane nimebeba risasi, mafuta na majeneza. Nataka kabla sijafa nibebe kitu kinachocheka."

Ile fomu nilirudi nayo ndani ya mkoba. Bosi aliponiuliza nikamwambia Afande hakuwepo nyumbani, na kwa kuwa ada kashalipa, tumwache kwanza. Uongo wangu, naubeba mwenyewe.

Tukaanza kazi.

Mwanzo nilifanya nilivyojua mimi. Nikampeleka kwenye uwanja wa mazoezi, nikatandaza maboksi, ndoo, matairi, nikamwambia pita. Akapita yote bila shida, anapiga na mluzi.

"Umepona," nikamwambia.

"Sijapona. Haya umeyaweka wewe, nimekuona." Akazima gari. "Mwalimu, tatizo si boksi. Tatizo sijui nani kaliweka."

Nikamtazama. Walimu wawili, mitihani miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Jibu alikuwa nalo mwenyewe muda wote.

"Basi twende tukawajue," nikasema.

Tukaacha gari, tukaenda mtaa wa soko kwa miguu. Ule mtaa ndio njia ya mtihani, na ndio uliomfelisha mara mbili. Umejaa kila kitu: matenga, magunia, ndoo, kuku, watoto wanaocheza mpira wa makaratasi mbele ya magari.

Wa kwanza kumsalimia alikuwa Mama Nyanya, ambaye anauza nyanya kwenye kona toka mimi sijazaliwa. Mama huyu hana sauti ya chini. Akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia.

"We Mwalimu, huyu si ndiye aliyemlaza yule bwana wa kalamu?" akauliza. "Mzee wangu, karibu. Ile siku ulitufurahisha sana."

Afande akacheka. Mara ya kwanza namwona anacheka.

Nikamweleza mama tunachotaka. Hakuuliza mara mbili. Alimshika Afande mkono, akamtembeza mtaa mzima.

"Haya matenga yangu. Ukiona tenga lenye kitambaa cha kijani, ni langu, pita. Ile ndoo ya kinyozi, huwa anaisahau. Gunia hilo la fundi baiskeli, anaweka vyuma. Boksi hilo la yule mwuza mayai, akilipoteza analia, kwa hiyo usilikanyage."

Kila siku asubuhi kwa wiki mbili tulipita pale, kwanza kwa miguu, kisha na gari. Afande anaendesha mwendo wa kinyonga, anataja kwa sauti:

"Tenga la Mama Nyanya. Ndoo ya kinyozi. Gunia la fundi baiskeli."

Na watu wakawa wanamwitikia kutoka vibandani. "Langu hilo, Afande, pita!" Watoto wakageuza mchezo. Wakiona gari letu, wanakimbia kusimama mbele ya vitu vyao wanapiga saluti. Nilikuwa nikirudi ofisini mbavu zinauma.

Mambo yakawa yanaenda vizuri mno, mpaka siku nne kabla ya mtihani.

Siku hiyo kulikuwa na boksi geni. Kubwa, limefungwa kamba, halina mwenyewe. Afande akasimama. Akauliza dirishani, la nani hili? Hakuna aliyejua. Jasho likamtoka, vidole vikakaza kwenye usukani, na tulikaa pale dakika kumi huku magari yanatupigia honi nyuma. Mwisho akatokea mama mmoja anakimbia, akasema ni boksi lake la vyombo, kaliacha mara moja kwenda kutafuta chenji.

Afande aliendesha moja kwa moja mpaka ofisini.

"Mwalimu," akasema akishuka, "kama ni hivi, afadhali nimwambie mwalimu mkuu atafute mtu mwingine."

"Usimwambie kitu," nikasema. "Niachie mimi."

Hapo ndipo nilipojifanya nina akili.

Nikaenda kwa Mama Nyanya. Nikamwambia, mama, siku ya mtihani nataka huu mtaa uwe mweupe. Hakuna tenga, hakuna ndoo, hakuna hata ganda la ndizi. Na watu waingie ndani, wasipige kelele, wasimchanganye. Nusu saa tu.

Mama Nyanya akaitisha watu wake. Nilitegemea wagome, maana soko kufungwa nusu saa asubuhi si jambo dogo. Hakuna aliyegoma. Kinyozi akasema yeye atafagia upande wa kulia. Fundi baiskeli akasema atawazuia kuku. Mwuza mayai akalia, lakini yule hulia kwa kila kitu.

"Tumwambie mwenyewe?" mama akauliza.

"Hapana," nikasema. "Atajisikia vibaya. Ana heshima zake."

Nawaomba mlikumbuke hilo jibu langu, kwa sababu ndilo kosa lenyewe.

Siku ya mtihani Afande alikuja na shati jipya, kashona mkewe. Kwa kanuni zao, mwalimu anaruhusiwa kukaa kiti cha nyuma, ila akitamka neno moja, mtihani umefutwa na mwanafunzi kafeli. Kwa mtu kama mimi ile ni adhabu ya kifungo. Nikaingia nyuma, nikauma midomo.

Kalamu Nyekundu akakaa mbele, shati jeupe, ubao wa karatasi mapajani. Hakusalimia.

"Ondoa gari."

Afande akaondoa gari. Kwenye mataa, safi. Kulia, safi. Alipokata kona kuingia mtaa wa soko nikachungulia mbele, na nusura nipige makofi. Mtaa ulikuwa unang'aa. Umefagiliwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Milango imefungwa, vibanda vimefunikwa, hakuna sauti, hakuna tenga, hakuna kuku.

Nikajisemea kimoyomoyo, leo leseni tunayo.

Gari likasimama.

Afande alivuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari, akaweka mikono yake juu ya usukani. Nikaiona kwenye kioo sura yake. Ilikuwa imebadilika kabisa.

"Dereva, mbona umesimama?" Kalamu Nyekundu akauliza. "Barabara nyeupe."

"Ndiyo, Mkuu. Ndiyo maana nimesimama."

"Sijakuelewa."

"Huu mtaa naujua. Saa hizi una watu mia tatu, na matenga, na kuku. Sioni hata mmoja." Akainamia kioo cha mbele. "Watoto wako wapi?"

Hapo yale maneno yaliyonipita siku ya chai yakanirudia yote kwa mpigo. Soko kimya. Hata kuku hayupo. Niliona kitu hakipo sawa, nikanyamaza.

Nilikuwa nimemwondolea boksi, nikamletea kilekile alichokiona kabla ya boksi. Mtaa mtupu kwake ni habari kwamba kila mtu kashajua jambo ambalo yeye hajui. Na nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa ufagio.

"Dereva, endelea na safari," Kalamu Nyekundu akasema.

"Siwezi, Mkuu. Siku moja niliona mtaa wa namna hii, nikanyamaza. Nilimpoteza mtu. Leo sinyamazi, na sipiti mpaka nijue hawa watu wako salama. Kama ni kufeli, niandikie."

Kalamu Nyekundu akafungua ile kalamu.

Na mimi nyuma nina jibu lote mdomoni. Nikisema, kafeli. Nisiposema, kafeli, tena yuko pale na hofu yake peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilitafuta njia ya kuongea bila mdomo.

Nikashusha kioo changu polepole, nikatoa mkono nje mpaka kwapani, nikaupunga kwa nguvu zangu zote kuelekea dirisha la nyumba ya Mama Nyanya, nyuma ya kibanda chake. Nilijua anachungulia. Yule mama asipochungulia ujue kafariki.

Mlango ukafunguliwa.

Mama Nyanya akatoka na tenga lake kichwani, lenye kitambaa cha kijani, akatembea mpaka katikati ya barabara na kulitua chini kwa kishindo.

"Afande, sisi hapa!" akapaza sauti. "Tulikufagilia njia, mzee wangu, tukajificha ili usisumbuke. Hakuna kibaya. Watoto wako kwangu, wanamaliza maandazi yangu."

Kisha akageuka. "Haya tokeni, mnamtisha mtu."

Wakatoka wote. Kinyozi na ndoo yake, fundi baiskeli na gunia, kuku wakiwa na hasira za kufungiwa. Mwuza mayai akatoka analia. Watoto wakaja mbio, midomo imejaa, wakajipanga pembeni na kupiga saluti. Katika dakika mbili mtaa ulikuwa mchafu kama siku zote, na kelele zake.

Nikamwona Afande anashusha pumzi ndefu. Mabega yakashuka. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Mkuu," akasema, "sasa naweza kuendelea."

Kalamu Nyekundu alionesha mbele kwa kalamu.

Tukapita. "Tenga la Mama Nyanya," Afande anataja. "Ndoo ya kinyozi. Gunia la fundi baiskeli." Na watu wanaitikia. Mimi nyuma nalia kimyakimya, maana kulia hakujaandikwa kwenye kanuni.

Tukatoka sokoni, tukakata kona ya mwisho. Pale hatukufagia, hapakuwa kwenye mpango wetu.

Katikati ya barabara kulikuwa na boksi.

La sabuni.

Nikafumba macho. Nikasikia gari linapunguza mwendo, linapunguza, linasimama. Kisha nikamsikia Afande anacheka tena, taratibu.

Nikafungua macho. Boksi lilikuwa limeandikwa ubavuni, herufi kubwa, wino mwekundu: HILI NI LANGU. UNAWEZA KUPITA.

Wote wawili tukageuza macho kwa Kalamu Nyekundu. Alikuwa anatazama nje ya dirisha.

"Nililiweka saa mbili na nusu," akasema. "Nilikwenda kununua nyanya juzi, yule mama akanieleza habari zako zote, wewe na mambo yako ya kutaka kujua mwenye kitu. Na mimi sikumuuliza, alianza mwenyewe."

Afande akapita pembeni ya boksi, indiketa kulia, indiketa kushoto, akaegesha mbele ya ofisi yao kama anaweka yai mezani.

Kalamu Nyekundu akafunga ubao wake.

"Siku uliponilaza chini nilikukasirikia wiki nzima," akasema. "Shati lile halikutakata. Halafu nikaanza kuiwaza upya ile asubuhi. Wewe uliamini pale mbele kuna kifo. Ukanitoa mimi kwanza, ukanilaza nyuma ya gari, kisha ukalifuata lile gunia peke yako. Kwa miguu. Na goti hilo."

Afande alikuwa anatazama usukani.

"Nimepima madereva miaka mingi. Wanajua kuendesha. Leo ni mara ya kwanza dereva ananiuliza watoto wako wapi. Na unaomba basi la shule." Akaandika kitu kwenye karatasi, akamkabidhi. "Sasa nikufelishe kwa kosa gani?"

Karatasi ilikuwa na wino mwekundu, kama kawaida yake. Neno lilikuwa moja: AMEFAULU.

Halafu akageuka nyuma. "Na wewe Mwalimu, mkono wako niliuona kwenye kioo."

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Kanuni inasema kutamka," akasema, akashuka. Sikuona vizuri, lakini nadhani alitabasamu.

Afande alibaki ndani ya gari na karatasi yake. Nikahamia mbele.

"Mwalimu, ile kazi ya kufagia ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu. Nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Umenisaidia." Akakunja karatasi kwa mikunjo minne sawasawa, akaiweka mfukoni, kama alivyouweka ule mfuko wa plastiki. "Ila mara nyingine niulize. Ningekwambia."

Hilo ndilo lililonichoma mpaka leo. Ningekwambia. Mtu alikuwa na jibu, anakaa mita chache kutoka kwangu kila asubuhi, na mimi nikaenda kupanga mambo yake na soko zima isipokuwa yeye.

Sasa hivi basi la ile shule linapita mbele ya ofisi yetu saa moja asubuhi. Halijawahi kuchelewa. Kabla hajaondoa gari kila kituo, Afande anaita majina ya watoto mmoja mmoja, na wanaitikia kwa kupiga saluti. Kelele zinazotoka mle ndani zinasikika mtaa wa tatu. Nilimuuliza kama hazimsumbui. Akasema huwa anageuzia sikio zima upande wao.

Na Jumamosi nina darasa jipya, bosi kaliruhusu baada ya kuusamehe uongo wangu wa fomu. Ni la wastaafu wa jeshi peke yao, Afande ndiye anawaleta. Yupo mmoja ana mkono mmoja, tunatafuta gari la gia zinazojibadilisha zenyewe. Yupo mwingine hawezi kukaa kwenye gari lililofungwa vioo, hata mvua inyeshe, kwa hiyo tunafundishana tukiwa tumelowa. Yupo mama aliyekuwa muuguzi wa jeshi, yeye hana shida yoyote ya kuendesha, alitaka tu mahali pa kukaa na watu ambao hatalazimika kuwaeleza kila kitu.

Siku ya kwanza ya darasa sifundishi chochote. Naweka chai, halafu namuuliza kila mmoja swali moja: ukiwa barabarani, unaona nini? Kisha nafunga mdomo wangu, jambo ambalo walionizoea wanasema ni muujiza.

Kwa hiyo ewe unayesoma, kama kwenu au jirani yupo aliyerudi kutoka jeshini, na unaona ana mambo yake huyaelewi, usimcheke, na usikimbilie kumfagilia njia kabla hujamuuliza anakwenda wapi. Muulize, ukae, umsikilize mpaka mwisho. Hayo maneno unayoyaacha yapite ndiyo yenye kazi.

Lile boksi la sabuni lipo juu ya meza yangu ofisini, tunawekea fomu za wanafunzi wapya. Kalamu Nyekundu akija huwa analitazama, anajifanya halijui.